Jino, Mguu na Moyo: Machekeche ya Jeshi Kati ya Busia na Tororo

Siku ya kusajili makurutu, Busia huwa na mwendo mmoja tu. Siku nyingine zote mji huu wa mpaka wa Kenya na Uganda ni wa kwenda na kurudi: malori yanangoja mihuri, akina mama wanavusha nyanya na omena, bodaboda wanapenya katikati yao kama maji. Siku hiyo, jua halijatoka, vijana wote wanaelekea upande mmoja, uwanjani, bahasha ya kaki kwapani, kaptula imeshavaliwa chini ya suruali ili muda wa kubadilisha usipotee. Upande wa Uganda, siku kama hiyo ina tarehe yake. Chini ya jabali la Tororo, lililosimama peke yake kama ng'ombe aliyeachwa na wenzake, bahasha ni ile ile, ila ndani yake kuna karatasi moja zaidi: barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, inayosema kijana huyu ni wa hapa na tabia yake inajulikana.

Nimesimama kando ya viwanja hivyo mara kadhaa, na kila mara nimesikia ubishi ule ule kwenye vibanda vya chai vya jirani. Ni jeshi gani duniani lina mafunzo magumu kuliko yote? Mmoja atasema makomando wa majini wa Marekani, kwa sababu ameona kwenye simu wakilala katika mawimbi wameshikana mikono. Mwingine ataapa kwa SAS ya Uingereza. Hakosekani mmoja wa kuwatetea Warusi. Kipimo chao wote ni kimoja: wameingia wangapi, wamebaki wangapi. Waliobaki wakiwa wachache, basi hapo ndipo penye wanaume.

Kipimo hicho kinadanganya. Chekeche linaweza kubakisha wachache kwa sababu kinachotafutwa ni adimu. Linaweza pia kubakisha wachache kwa sababu nafaka ni nyingi na gunia ni dogo. Ukitazama idadi peke yake, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Ukanda huu wa Busia na Tororo umepitiwa na machekeche ya kila namna kwa zaidi ya miaka mia moja, na mtu wa hapa akitulia anaweza kulijibu swali la kibanda cha chai vizuri kuliko simu yake.

Tuanze na uwanja wenyewe. Jeshi la Kenya humtaka kurutu wa kawaida awe na umri wa miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua mita 1.60, uzito usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Mwanamke asiwe mjamzito siku hiyo wala wakati wa mafunzo. Yakisomwa tangazoni, masharti haya hayatishi. Vijana tele wa soko la Busia wanayatimiza bila kujikaza. Kazi ni pale mstari unapopangwa. Wanakimbizwa, kisha wanavua na kukaguliwa: kinywa wazi, mikono mbele, magoti pamoja, nyayo sakafuni. Jino halipo? Kando. Magoti yanagongana? Kando. Kovu kubwa, kidole kilichopinda, jicho linalobabaika kwenye herufi ndogo? Kando. Kijana aliyefanya mazoezi mwaka mzima anamalizwa na kidole cha afisa kilichoelekea upande wa lango.

Binamu yangu mmoja alitolewa kwa jino. Upande gani wa mpaka, sitasema. Kwenye mbio alikuwa ametangulia kundi lake, akafungua kinywa akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomponza: jino la chini alilong'olewa akiwa darasa la sita. Nyanya yetu aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi. Katika ujana wake, Waluo na baadhi ya majirani zao waling'oa meno ya mbele ya chini kwa makusudi, na ambaye meno yake yalikuwa yote kinywani ndiye aliyeonekana hajakomaa. Pengo lilelile lililompa babu heshima lilimrudisha mjukuu nyumbani.

Jino lina historia yake jeshini. Zamani huko Ulaya, askari alihitaji meno ya mbele ili ararue karatasi iliyofungia baruti na risasi kabla ya kuvishindilia kwenye mtutu. Bunduki hizo sasa ziko makumbusho. Nyayo bapa nazo ziliogopwa enzi za kutembea kwa wiki nzima. Leo majeshi mengi humpokea mwenye nyayo hizo iwapo hazimuumi. Daktari atakwambia, na ana haki, kwamba kinywa kibovu ni balaa porini, ambako hakuna wa kung'oa jino lililooza. Lakini pengo lililopona zamani halimuumi mtu. Sharti linaendelea kuishi kwa sababu ya foleni. Wakija maelfu kwa nafasi chache, afisa anahitaji sababu za haraka za kusema hapana, na jino huonekana haraka kuliko ushujaa.

Tazama jeshi lililokosa foleni. Mwaka 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitaka askari wapya 60,000 na likapungukiwa na wapatao 15,000. Agosti ya mwaka huo likafungua kozi ya maandalizi huko Fort Jackson, jimbo la South Carolina, kwa ajili ya vijana walioshindwa mtihani wa kuandika au waliozidi unene. Wanapewa hadi siku 90 za kufundishwa na kupunguza mwili, ndipo waingie mafunzo yenyewe. Yaani jeshi lenye ndege na nyambizi za kutisha linamshika mkono kijana mnene na kumwambia, njoo tukimbie pamoja taratibu. Hapa kwetu kijana mwembamba mwenye mapafu ya mwanariadha anarudishwa kwa pengo. Ukihesabu waliofeli, Busia imeishinda Marekani, na sioni cha kujivunia katika ushindi huo.

Foleni pia huzaa wachuuzi. Kila mwaka Jeshi la Kenya hutangaza kwamba usajili ni bure, na kila mwaka kuna familia iliyouza ng'ombe au kipande cha shamba kumpa mtu anayedai anamjua mkubwa fulani. Wako vijana waliofika hadi lango la shule ya makurutu mjini Eldoret, sanduku begani, barua ya wito mkononi, wakaambiwa barua ni ya kughushi na kuwekwa ndani. Hilo nalo ni chekeche, na limemchuja asiye na ng'ombe wa kuuza pamoja na aliyekuwa naye.

Kisha kuna uraia. Mpaka huu ni mchanga kuliko familia zinazoishi juu yake. Hadi mwaka 1902 Busia yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza walipohamishia mkoa wa mashariki wa Uganda upande wa pili, Wasamia na Waiteso walilala nchi moja wakaamka nchi mbili. Leo kijana wa Iteso anaweza kuwa na baba mdogo anayelipwa na KDF, jeshi la Kenya, na mjomba anayelipwa na UPDF, jeshi la Uganda, na wote wawili wakakutana msibani Tororo wakibishana ni kwata ya nani iliyo safi. Kijana mwenyewe, anapofika mezani na kitambulisho chake, huulizwa maswali ambayo mwenzake wa Nyeri au Masaka haulizwi: babu yako alizikwa wapi? Wachache wanajua kwamba swali hilo linaweza kuwa gumu kuliko kilomita kumi.

Jambo moja linampendelea, nalo ni lugha. Amri za UPDF hutolewa kwa Kiswahili, urithi wa King's African Rifles (KAR), askari wa Waingereza enzi za ukoloni, ambao walikuwa na Kiswahili chao kilichokatwakatwa wakakiita KiKAR. Kurutu kutoka ndani ya Buganda huanza kujifunza geuka na simama kambini. Wa mpakani alijifunza sokoni.

Na tukiwataja KAR, tusimame hapo kidogo, maana ndio waliotuachia imani kwamba askari hujulikana kwa umbo. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na orodha vichwani mwao ya makabila waliyoyaona ya kivita: Wakamba na Wanandi upande wa Kenya, Waacholi na watu wa West Nile upande wa Uganda. Walitaka kimo, kifua na utiifu. Mwaka 1946 chekeche hilo lilimpata kijana aliyelitosheleza kupita kiasi. Idi Amin alikuwa mrefu, mwenye nguvu, bondia aliyeshika ubingwa wa Uganda kwa miaka mingi, na anayetii amri bila kuuliza. Mwaka 1959 akawa effendi. Mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa vyeo vya uofisa. Mwaka uliofuata askari aliowaongoza walishutumiwa kwa mauaji ya Waturkana katika operesheni dhidi ya wezi wa mifugo, lakini uhuru ulikuwa mlangoni na hakuna aliyetaka kumfikisha mahakamani mmoja wa maofisa wazalendo wawili tu. Chekeche lilifanya kazi yake kikamilifu. Lilipima kila kitu kinachopimika kwa macho na kwa ngumi.

Akiwa rais, Amin alilipenda jeshi la sura hiyo hiyo. Vikosi vyake vilikuwa na majina ya kutisha watoto: Simba kule Mbarara, Chui kule Gulu, Kifaru kule Bondo, na huko Masaka kikosi kilichojiita cha kujiua. Tororo ilikuwa na kikosi cha anga na majini katika kambi ya Rubongi, mji usio na bahari wala ziwa. Mwenyewe alivaa kifuani mabawa ya askari wa miamvuli wa Israel. Vita na Tanzania vilipokuja, Tanzania ilipanua jeshi lake hadi zaidi ya watu 150,000, na kati yao takriban 40,000 walikuwa mgambo, wakulima na makarani waliopewa mafunzo mafupi wakapelekwa mbele. Mapema Machi 1979 wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliishambulia Tororo wakitokea Kenya. Sehemu ya askari wa kambi iliasi ikajiunga nao, na ikabidi Amin alete vikosi vingine kuukomboa mji. Tarehe 11 Aprili Kampala ilianguka. Simba na Chui walikuwa njiani kuelekea Sudan na Zaire, wengi wakiwa ndani ya magari ya watu. Mtu aliyechujwa kwa kifua alikuwa ameshindwa na karani, kwa sababu karani alijua kwa nini yuko pale na aliamini kwamba chakula chake kitafika.

Miaka minane baadaye Tororo ikaona chekeche la ajabu kuliko yote. Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la roho iliyomshukia, Lakwena, aliliongoza jeshi lake kutoka Acholi, likapita Teso, Mbale na Tororo mwaka 1987 likielekea Jinja. Njiani lilipata wafuasi wapya. Hakuwapima mbio. Alitaka usafi. Aliyejiunga alitakaswa kwa maji na mafuta ya mti wa shea, akapewa amri 20: asinywe pombe, asizini, asiibe, asijifiche nyuma ya mti wala kichuguu wakati wa mapigano. Amri ya mwisho ilisema mwanamume awe na korodani mbili, zisizidi wala kupungua. Wasomi wa Ulaya wameandika sana kuhusu amri hiyo wakistaajabu. Wangekuja Busia siku ya usajili wangekuta daktari wa serikali akikagua jambo lile lile, bila uvumba.

Ukilipima kwa ugumu wa masharti, jeshi la Lakwena lilikuwa na nidhamu ambayo kambi nyingi zingeionea wivu. Lilitembea mamia ya kilomita likiimba, likasimama wima mbele ya bunduki za rashasha. Karibu na Jinja lilivunjwa. Mwenyewe alikimbilia Kenya, akafa mwaka 2007 katika kambi ya wakimbizi ya Ifo. Serikali ya Museveni iliyolishinda ilikuwa na historia iliyo kinyume kabisa: ilianza na watu wachache wenye bunduki 27 walioshambulia Kabamba tarehe 6 Februari 1981, na baadaye ikawapokea hata watoto waliopoteza wazazi, wale kadogo waliovaa makoti yanayofika magotini. Kwa kweli haikuwa na chekeche lolote, na sipendekezi mtu aige hilo la watoto. Ilichokuwa nacho ni mafunzo yasiyokoma, ya silaha na ya maneno.

Sasa turudi kwa wale wa kwenye simu, maana wanastahili kutazamwa kwa makini.

Mafunzo ya makomando wa majini wa Marekani hufanyika Coronado, California. Ndani yake kuna wiki waliyoiita ya Jehanamu: siku tano na nusu za mchanga, maji baridi na mbio, na usingizi wa takriban saa nne kwa jumla. Kengele imening'inizwa hapo hapo. Anayetaka kuacha anaipiga mara tatu, anaweka kofia yake chini, na kwake yamekwisha. Wengi wanapiga, mara nyingi zaidi ya theluthi mbili. Kinachotafutwa ni mtu ambaye mlango umeachwa wazi, joto liko nje, na bado haendi. Februari 2022, Kyle Mullen, kijana wa miaka 24, alimaliza wiki hiyo bila kuipiga kengele. Saa chache baadaye akafa kwa nimonia. Chekeche lilikuwa limempitisha.

SAS wana njia nyingine, na kwangu mimi ndiyo ya kuogofya zaidi kwa sababu hakuna kelele. Mwanajeshi aliyekwisha kufuzu huenda kwenye milima ya Brecon, Wales, akabebeshwa mzigo na kupewa nukta kwenye ramani. Anatembea peke yake. Mwalimu hamfokei wala hamsifu. Anamwonyesha nukta inayofuata na kurudi kwenye hema. Saa za kumaliza zipo, ila hakuna anayemwambia kama amechelewa. Safari ya mwisho ni kilomita 64 ndani ya saa 20. Mlima mrefu wa pale, Pen y Fan, una mita 886 tu, mdogo kuliko mahali Tororo yenyewe iliposimama, lakini Julai 2013 askari watatu wa akiba walikufa kwenye mchujo huo, kwa joto, katika nchi tunayoambiwa haina jua.

Watu wa hapa wanakijua kipimo hicho kwa sura nyingine. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wagisu wa Mbale na Wabukusu wa Bungoma huwatoa vijana wao kwenye imbalu, tohara ya hadharani. Kijana anasimama wima, uso umepakwa, macho yameganda mbele, na kisu kinapopita asipepese. Kama ni kupima moyo, imbalu imekuwa ikipima kabla Coronado haijajengwa. Tofauti ni watazamaji. Kijana wa imbalu amezungukwa na ukoo mzima: baba yupo, wasichana wapo, aibu ya kutetemeka itaishi kuliko yeye. Ndiyo maana anasimama. Kule Brecon wamemnyang'anya watazamaji wote. Hakuna wa kumwonea aibu, na ukungu umeficha hata mlima. Wanataka kujua kinachobaki wakati ukoo haupo.

Kila kipimo kinatoa askari wa aina yake, na jeshi likivichanganya linaumia. Mtu wa Brecon hufaa kuachwa wiki tatu nyuma ya adui na redio moja. Lakini vita vingi vya Afrika Mashariki havipiganwi na watu wanne wenye redio. Vinapiganwa na mamia ndani ya kambi yenye mifuko ya mchanga, mbali na nyumbani, usiku, dhidi ya gari lililojaa mabomu. Kenya ina vikosi vyake maalumu, 20 Para, 30 Special Forces na 40 Ranger Strike Force, na kazi yao kwa sehemu kubwa haionekani. Uganda ina Special Forces Command. Anayebeba mzigo mkubwa ni yule wa kawaida aliyetolewa uwanjani Busia au Tororo kwa jino zima na mguu mnyoofu.

Tarehe 26 Mei 2023 Al-Shabaab walishambulia kambi ya Uganda huko Bulo Marer, kusini mwa Somalia. Waliuawa askari 54 wa Uganda, pamoja na kamanda wao. Wiki moja baadaye Rais Museveni alisema jambo ambalo marais hulisema kwa shida: kwamba baadhi ya askari walifadhaika, na kwamba makamanda wawili waliotoa amri ya kurudi nyuma walikosea. Wote hao walikuwa wamepita kwenye mchujo. Walikimbia kilomita zao, walifungua vinywa vyao. Hofu ya saa kumi na moja alfajiri haikuwa imepimwa na mtu, na kusema haki, haipimiki uwanjani kwa asubuhi moja. Hupimwa polepole, kwa miezi ya kulala kwenye handaki moja na watu wale wale hadi mtu aone afadhali afe kuliko kuwaacha. Kazi hiyo ni ya mafunzo. Chekeche haliwezi kuifanya, hata likiwa na matundu madogo kiasi gani.

Kwa hiyo kwenye kibanda cha chai, nikiulizwa, huwa nasema SAS kwa upweke, Wamarekani kwa ukatili, na uwanja wetu kwa bahati mbaya. Hawapendi jibu hilo. Mmoja aliniambia nina wivu kwa sababu na mimi nyayo zangu ni bapa, na hakukosea.

Jioni uwanja hubaki na chupa tupu za maji. Wachache waliochaguliwa huondoka wamezungukwa na ndugu, namba imeandikwa kwa kalamu nene mkononi, na hakuna anayetaka kuiosha. Wengine hurudi kwenye pikipiki walizoziacha asubuhi, na kesho wanavusha mahindi. Binamu yangu hakurudi uwanjani tena. Sasa analinda ghala huko Doha, zamu ya saa 12, joto ambalo anasema hata Turkana halipo. Alifanyiwa usaili Kampala, kwenye ghorofa ya tatu, pamoja na watu mia moja hivi. Walimpima damu, wakamkimbiza kidogo, wakamwuliza kama anajua Kiingereza. Hakuna aliyemwambia afungue kinywa.